Kuzunguka Gozo (Malta) kwa kayaki: upepo, mapango, na vya kuona siku bahari ikichafuka

MwanaTanga (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mlioniomba kule kwenye uzi wa likizo za Ulaya niandike habari za Malta, leo nimepata nafasi. Sitaandika Malta yote. Nitaandika Gozo, kisiwa cha pili kwa ukubwa katika nchi ile ya visiwa ya Mediterania, na nitakiandika kutokea baharini, kwa sababu ndivyo nilivyokijua na ndivyo ninavyoona kinastahili kutazamwa. Ukipita na basi unaona vijiji vizuri na makanisa makubwa. Ukikaa kwenye kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi, chini ya jabali la zaidi ya mita 100, kisiwa ni kingine kabisa.

Neno langu la kwanza kwa anayefikiria safari hii: usilipie ratiba ya siku kwa siku. Lipia malazi, lipia kayaki, basi. Wapi utaingia majini, upepo ndio utakaosema asubuhi. Gozo ina urefu wa kilomita 14 hivi na upana wa 7, na kutoka pwani moja hadi nyingine kwa gari ni muda mfupi tu. Upepo ukitoka kaskazini, unaamkia pwani ya kusini ambako majabali yanakukinga. Ukitoka kusini, unaamkia kaskazini. Ukivuma kwa nguvu kiasi cha kuchafua pande zote, unaiacha kayaki unakwenda kutazama mahekalu na ngome, na huko pia hutajuta. Niliowaona wakirudi na manung'uniko ni wale waliokuwa na karatasi inayosema Jumatatu hapa, Jumanne pale, na upepo haukusoma karatasi yao.

Sisi wa pwani yetu tumezoea kuuliza maji kwanza. Yanajaa saa ngapi? Leo bamvua au maji mafu? Tanga au Unguja bahari inapanda na kushuka mita tatu, hata nne, na ukikosea saa unaburuta chombo juu ya matope. Malta swali hilo halina kazi. Maji yao yanapanda na kushuka kama shibiri moja. Ukiacha kayaki mwambani unakula chakula, unarudi unaikuta palepale. Kwa hiyo akili yote unayoitumia nyumbani kufuatilia maji, huko uihamishie kwenye upepo.

Pepo za kule zina majina na kila mvuvi atakutajia. Majjistral unatoka kaskazini magharibi, na huo ndio unaovuma mara nyingi kuliko zote. Grigal unatoka kaskazini mashariki, na ukija wakati wa baridi unapiga bandari za upande huo bila huruma. Xlokk unatoka kusini mashariki, kutokea Afrika, una joto na unyevu, wakati mwingine unaleta vumbi la Sahara mpaka magari yanakuwa mekundu. Mimi nina kipimo changu: utabiri ukisema upepo utazidi kilomita 20 kwa saa kwenye pwani iliyo wazi kwake, siingii na mtu mgeni wa kayaki.

Nitaendelea na pwani moja moja. Ulizeni huku mkisoma.

Mvuvi_Mstaafu

Kijana, nimekusoma vizuri. Mimi nimevua Pemba tangu ujana wangu. Maji yasiyopwa nimeyasikia lakini sijapata kuyaona. Nataka kujua mkondo. Kwetu mkondo wa Pemba unaweza kukuchukua usijue. Huko je?

MwanaTanga

Shikamoo mzee wangu. Mkondo wa kujaa na kupwa kama wa kwetu haupo. Uliopo unasukumwa zaidi na upepo, hasa kwenye mlango wa bahari kati ya Gozo na Malta, ambao katikati yake kuna kisiwa cha Comino. Upepo ukiwa umevuma siku mbili tatu mfululizo, maji ya hapo yanatembea, na ukitaka kuvuka inabidi uelekeze chombo juu kidogo ya pale unapokwenda, kama tunavyofanya kwetu.

Kuna kitu kingine utakipenda. Wenyeji wanakiita milgħuba. Bahari imetulia, hakuna wimbi, halafu maji ya kwenye hori yanapanda na kushuka ndani ya dakika chache, mara nyingi mfululizo, kama beseni lililotikiswa. Husababishwa na mabadiliko ya hewa juu ya bahari huko mbali, na hori jembamba linayakuza. Kwa hiyo hata huko, kayaki tunaivuta juu na kuifunga.

MwanaTanga

PWANI YA KUSINI. Hii ndiyo niipendayo kuliko zote, nitakaa hapa kidogo.

Unaanzia Mġarr ix-Xini, hori jembamba lililoingia ndani ya nchi kama kidole, kuta za mawe huku na huku, na mdomoni kuna mnara wa walinzi wa mwaka 1661. Maji ya ndani ni tulivu, chini unaona mwani na mchanga. Ukitoka mdomoni ukashika kulia, kuelekea magharibi, unakutana na mwamba wa Fessej umesimama peke yake majini, na baada ya hapo yanaanza majabali ya Ta' Ċenċ. Kutoka hapo mpaka ghuba ya Xlendi ni kama kilomita sita au saba, na kwa sehemu kubwa hakuna pa kushukia. Narudia: hakuna pa kushukia. Ukichoka katikati, unapumzika ukiwa umekaa humohumo kwenye kayaki.

Jabali lenyewe ni la mawe ya chokaa, limekatwa wima. Ukiinua kichwa shingo inauma. Ukilisogelea unaona kila tabaka: rangi ya asali, kijivu, mistari ya kutu ilikopitia maji ya mvua, vishimo vilivyochimbwa na chumvi mpaka uso wa jabali umekuwa kama sega. Karibu na maji kuna ukanda mweusi wenye utelezi, chini yake mwekundu wa mimea ya bahari, halafu buluu inayozama moja kwa moja bila mteremko. Hakuna kina kifupi pale. Jabali linaendelea kwenda chini kama lilivyokwenda juu.

Sasa sikilizeni kuhusu mawimbi, maana hapa ndipo wageni wanapopata taabu. Pwani yenye mchanga wimbi likifika linavunjika, linaisha. Jabali la wima halivunji wimbi, linalirudisha. Wimbi linalorudi likikutana na linalokuja, maji yanaruka juu chini bila mpangilio, yanachemka. Ukiwa mita 10 kutoka ukutani unarushwa kila upande, mwenzako aliye mita 150 nje anapita kwa utulivu. Kwa hiyo bahari ikiwa na mawimbi makubwa kidogo, kaa nje. Ikiwa laini kama mafuta, ndipo usogee uguse mwamba na kuchungulia mapango.

Ukiweza kuwa pale jua likielekea kuzama, utasikia ndege. Ta' Ċenċ ni moja ya makao makubwa ya ndege wa baharini anayeitwa kwa Kimalta ċiefa. Mchana kutwa wako bahari kuu, jua likizama wanajikusanya juu ya maji mbele ya jabali, wakingoja giza ndipo waingie kwenye viota. Sauti yao usiku ni kilio cha mtoto mchanga kabisa, unaweza kuapa kuna mtoto. Msiwasogelee wakiwa wamejikusanya, na msiwamulike na tochi. Mwanga unawapoteza.

Xlendi unatokea penye watu: mikahawa, watoto wanaruka kutoka ukutani, mnara wa 1650 upande wa kulia unapoingia. Pale ndipo gari la kukufuata linapokungoja kama umepanga.

Mtumishi77

Bwana asifiwe wapendwa. Mleta uzi ubarikiwe. Hiyo Malta si ndiyo Melita ya Matendo ya Mitume? Na huo upepo wa kaskazini mashariki si ndio ule Eurakilo uliovunja jahazi la Paulo?

MwanaTanga

Amina mtumishi. Ndiyo yenyewe, Matendo 27 na 28. Jahazi lenye watu 276, limeng'ang'aniwa na Eurakilo siku nyingi, likavunjika kisiwani Melita na wote wakafika nchi kavu salama. Wenyeji wakawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi, nyoka akamrukia Paulo mkononi asipate madhara. Kwa mapokeo ya Wamalta, mahali penyewe ni St Paul's Bay, kaskazini mwa kisiwa kikubwa, na pale kuna visiwa vidogo vyenye sanamu ya Paulo inayoonekana ukiwa majini. Kila tarehe 10 Februari wanaadhimisha kwa maandamano makubwa Valletta.

Na ukisoma ile sura kama mtu wa bahari, kuna somo la majira ndani yake. Paulo aliwaonya wasiondoke kwa sababu siku za Mfungo zilikuwa zimekwisha pita, yaani vuli imeingia, lakini akida akamsikiliza nahodha kuliko Paulo. Mpaka leo hali ni hiyohiyo. Kuanzia Novemba mpaka Machi kayaki katika visiwa vile ni ya watu wenye uzoefu mkubwa na suti za kuzuia baridi.

Kijana_wa_Mwanza

Mkuu uzi mtamu ila tuambie gharama. Visa vipi kwa sisi wenye pasi za Tanzania?

MwanaTanga

Malta iko ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye visa moja, na inatumia euro, kwa hiyo pasi ya Tanzania au Kenya inahitaji visa ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000 ni lazima. Anza mapema, miezi kabla.

Kufika Gozo: hakuna ndege za abiria za kawaida, unashukia Malta kisha kivuko kutoka Ċirkewwa mpaka bandari ya Mġarr, kama dakika 25. Unapokwenda hulipi, unalipa unaporudi, chini ya euro 5 kwa mtembea kwa miguu. Kuna pia boti ya haraka kutoka Valletta, imeanza 2021, inachukua kama dakika 45. Mambo ya kila siku hayakusumbui: Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta, plagi ni zile za pini tatu kama za nyumbani, magari yanashika kushoto. Waingereza walitawala pale mpaka 1964.

Kinachokula pesa ni malazi ya Julai na Agosti. Ukienda mwishoni mwa Septemba inapungua sana.

mama_Neema

Kaka yangu, asante. Mimi nina watoto wawili, wa miaka tisa na kumi na mbili, kuogelea wanajua kidogo tu. Baba yao ndiye anataka sana. Hii safari ni ya kwetu kweli au ni ya vijana wasio na majukumu?

MwanaTanga

Dada, ni ya kwenu, ila si yale majabali ya kusini. Kwa watoto nenda Ħondoq ir-Rummien, ghuba ndogo inayotazama Comino, au kaeni ndani ya ghuba ya Xlendi asubuhi kabla boti hazijawa nyingi. Chukueni kayaki za watu wawili za kukaa juu, zile zilizo wazi. Ikipinduka mnaanguka majini, mnaigeuza, mnapanda tena, hakuna aliyebanwa ndani. Mtoto na mtu mzima, kila mmoja na wake.

Jaketi la kuokolea ndilo la kutazama kwa macho yako mwenyewe. Mvalishe mtoto, funga kila mkanda, kisha lishike mabegani ulivute juu kwa nguvu. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa, lirudishe. Na zoezi la kwanza lisiwe kupiga kafi. Liwe kuanguka kwa makusudi maji yakiwa kifuani, na kupanda tena, mpaka waone ni mchezo. Hofu ikiisha hapo, siku zote zinazobaki ni raha.

Kofia, maji ya kunywa ya kutosha, na fulana ya mikono mirefu. Jua la Mediterania Julai linaunguza hata ngozi zetu, hasa likirudishwa na maji.

Bajuni_Original

Naongezea hapo kwenye vifaa. Mimi nilikodi kayaki kwenye kisiwa kingine cha Mediterania, jina la kampuni siliweki. Walitupa makafi, wakatuonyesha bahari, basi. Hakuna aliyetuuliza tunajua nini, hakuna aliyetuambia upepo utageuka mchana. Ulipogeuka tukawa tunapiga kafi bila kusogea, mpaka boti ya wavuvi ikatuvuta. Mke wangu hajataka kusikia neno kayaki tangu siku ile. Nimeumia sana kwa sababu ni mtu wa bahari, amekulia Lamu.

MwanaTanga

Pole sana mkuu, na umpe pole shemeji. Ulichoandika ni muhimu kuliko nusu ya uzi wangu. Wakuu, kabla ya kulipa muulize mkodishaji maswali haya ana kwa ana: leo upepo unatoka wapi na saa nane mchana utakuwa wapi? Nikishindwa kurudi, namba ya boti yako ni ipi? Ukanda gani leo hutaki niende? Mwenye kazi yake atajibu bila kufikiri, na atakuwa na la tatu tayari. Akibabaika, ondoka. Namba ya dharura ya nchi nzima ni 112, na simu iwe kwenye mfuko usioingiza maji uliofungwa mwilini mwako, isifungwe kwenye kayaki. Kayaki inaweza kwenda bila wewe.

Na kanuni ya kwenda na kurudi: anza kwa kupiga kafi dhidi ya upepo wakati una nguvu, ili ukirudi ukusukume.

MwanaTanga

DWEJRA. Pwani ya magharibi. Wengi mmeona picha za lile dirisha la mawe, tao kubwa lililosimama baharini. Halipo tena. Lilianguka lote asubuhi ya tarehe 8 Machi 2017 katika dhoruba, nguzo na paa, pakabaki maji. Siku ile Wamalta walilia kama wamefiwa, na nimeongea na watu wa Gozo ambao mpaka leo wakipita pale wanatazama upande mwingine. Wapiga mbizi sasa wanazama kuangalia mabonge yake chini ya bahari.

Lakini usiikose Dwejra kwa sababu hiyo. Kuna bwawa la maji ya bahari ndani ya nchi kavu, limezungukwa na miamba na vibanda vya wavuvi, na njia pekee ya kuingia bahari kuu ni handaki la asili lililotoboa jabali, urefu wa kama mita 80. Unaingia na kayaki kutoka kwenye jua, macho yanakuwa hayaoni kitu, sauti ya kafi inarudi kutoka darini. Kisha unaanza kuona maji chini yako yanawaka buluu, mwanga unaingia kwa chini kutokea upande wa pili. Boti ndogo za wenyeji zinapita humohumo zikibeba wageni, kwa hiyo ubane ukutani, uwapishe, na usisimame katikati kupiga picha. Bahari ya magharibi ikiwa na mawimbi, handaki linafungwa na wimbi lenyewe. Ukiona wavuvi hawatoki, nawe usitoke.

Ukitoka nje ukashika kushoto unapita lilipokuwa dirisha, kisha ghuba ya Dwejra yenye mwamba mkubwa kama mita 60 mdomoni, wenyeji wanauita il-Ġebla tal-Ġeneral. Juu yake unaota mmea mwekundu usio na majani, ambao mashujaa wa Mtakatifu Yohana, wale wapiganaji wa kidini waliotawala Malta zamani, waliamini unatibu kuhara damu na kuzuia damu ya majeraha. Walijenga mnara mwaka 1652 wa kuulinda, na mwaka 1746 mkuu wao Pinto akapiga marufuku kabisa kuukaribia. Aliyekamatwa alipelekwa kupiga makasia kwenye merikebu zao. Leo ni hifadhi, kupanda hairuhusiwi, lakini kuuzunguka kwa kayaki ni halali, na upande wa nyuma ambao watalii wa nchi kavu hawauoni ndio mzuri.

Comino nitaipitia haraka. Ni kisiwa kidogo karibu kisicho na wakazi, kina mnara wa 1618 na mapango mazuri upande wa kaskazini mashariki. Blue Lagoon ni maji ya ajabu, na watu wengi mno. Tangu Mei 2025 anayetaka kushuka pale anajiandikisha mtandaoni, bure, achague muda. Mimi hufika na jua la kwanza kutokea Ħondoq, nazunguka mapango, narudi kabla boti za mchana hazijaanza kuchafua maji. Njia ya kivuko usiikate mbele yake kamwe.

Kaskazini, siku ya upepo wa kusini, anzia ghuba ya Xwejni. Ukitoka tu unapita mbele ya mashamba ya chumvi, mamia ya visahani vya mraba vilivyochongwa kwenye mwamba wa chokaa, kazi ya karne kadhaa, na familia bado zinavuna kiangazi. Wanafagia chumvi kwa ufagio, wanakusanya vichuguu vyeupe, wanaacha vikauke. Usikanyage visahani hata kama njia ni fupi, kingo zake ni laini na zinamomonyoka. Mbele yake kuna Wied il-Għasri, ufa mwembamba unaojikunja ndani ya jabali, na zaidi magharibi tao la Wied il-Mielaħ, ambalo bado limesimama.

Muscat_Kwetu

Salaam aleikum. Hapa Oman tunafanya hivi Musandam, milima inaingia baharini vivyo hivyo, na upepo ndio bwana. Naomba kujua chakula halali, na msikiti.

MwanaTanga

Waaleikum salaam. Msikiti ni wa Mariam Al-Batool uliopo Paola, kisiwa kikubwa. Gozo utasali ulipofikia. Chakula cha bahari kinakutosha. Kuna ftira, mkate wa mviringo, wanaujaza jodari, zeituni, nyanya na kapari, huo ndio wangu wa kubeba kwenye kayaki. Jibini ndogo za maziwa ya kondoo, ġbejna, zinauzwa kila kijiji. Nyama ulizia, maana nguruwe na sungura ni vya kawaida na uchinjaji si wa kwetu.

Kijana_wa_Mwanza

Na siku upepo umekataa kabisa?

MwanaTanga

Ġgantija kwanza. Mahekalu ya mawe yaliyojengwa kati ya miaka 3600 na 3200 hivi kabla ya Kristo, ni ya kale kuliko piramidi za Misri, na yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1980. Wagozo wanasimulia kuwa aliyeyajenga ni jitu la kike lililokula maharage na asali, mtoto akiwa amemning'inia begani.

Halafu ngome ya Victoria, mji mkuu wa Gozo, na hapa naomba mnivumilie. Julai 1551 merikebu za Waosmani chini ya Sinan Pasha na Turgut Reis ziliizingira. Ilipoanguka, watu kama 5,000, karibu kisiwa kizima, walichukuliwa watumwa kupelekwa Libya. Kuna askari kutoka Sicilia, Bernardo de Opuo, anayesimuliwa kuwa aliwaua mke na binti zake wasichukuliwe, kisha akapigana mpaka akafa. Mpaka mwaka 1637 sheria iliwataka Wagozo walale ndani ya ngome kila usiku. Na wale mashujaa wa Mtakatifu Yohana nao walikuwa na watumwa wao, Waislamu waliokamatwa baharini, waliofungwa kwenye makasia na kuuzwa Valletta, mpaka Napoleon alipowaachia 1798. Nimekulia karibu na Pangani, najua njia zilizopita watu kwenda soko la Unguja lililofungwa 1873. Kusimama juu ya ule ukuta ukatazama bahari ileile uliyotoka kufurahia asubuhi, kwa mtu wa pwani yetu, si jambo jepesi. Nendeni mkasimame pale.

Siti_Mrembo

Lakini mkuu, kwa nini pesa hizo nisizipeleke Mafia? Bahari yetu si mbaya.

MwanaTanga

Zipeleke, dada, na utafurahi. Sishindanishi. Mafia una matumbawe, mikoko na papa potwe, vitu ambavyo Gozo hakuna. Gozo una majabali, mapango na historia juu yake, na maji yasiyokukimbia. Mwenye uwezo aende kote.

Bajuni_Original

Mimi swali langu la mwisho. Nimeona picha za mashua za Malta zina macho yaliyochorwa mbele. Ni kama yale ya jahazi za Lamu?

MwanaTanga

Ndiyo mkuu, macho mawili, kila upande moja, ili chombo kione njia na kikingwe na husuda. Zinaitwa luzzu, zimepakwa buluu, njano, nyekundu na kijani. Nyingi utaziona Marsaxlokk, Malta kubwa, Gozo zipo chache. Shemeji akiziona atajihisi yuko nyumbani. Mpeleke, lakini safari hii muanzie Ħondoq na mtu anayejibu yale maswali matatu.

Mvuvi_Mstaafu

Samaki gani wanavua?

MwanaTanga

Mzee, msimu wa Agosti katikati mpaka Desemba wanavua lampuki, ndiye faulusi wetu. Wanaelesha vibao vyenye makuti ya mitende baharini, samaki wanakusanyika kwenye kivuli chake, wavuvi wanawazungushia wavu. Huwekwa mbali sana na pwani, kayaki haifiki. Ila mwishoni mwa Septemba utamkuta sokoni na kwenye kila mkahawa, na ndio mwezi ninaowashauri wote hapa: bahari bado ina nyuzi joto 25 hivi, watu wamepungua, na faulusi yupo mezani.